Irma Stern: Aliyechora wazee wa Zanzibar, nyumba yake ikageuka makavazi

Mwaka wa 2015, mtaalamu wa kampuni moja ya mnada aliingia katika nyumba ya ghorofa jijini London kukagua mali ya wenyewe. Kazi ya kawaida tu: unaangalia vitu, unakadiria bei, unaandika, unaenda zako. Alipofika jikoni akasimama ghafla. Ukutani palikuwa na kitu ambacho wenye nyumba walikuwa wamekigeuza ubao wa kubandikia karatasi. Bili hapa, kadi ya posta pale, barua huku. Na nyuma ya karatasi hizo alikuwepo mwanamume wa Zanzibar aliyevaa nguo nyeusi, akiwatazama watu wakipika chai.

Picha hiyo inaitwa Arab in Black, yaani Mwarabu aliyevaa nyeusi. Ilichorwa kwa rangi za mafuta mwaka wa 1939. Makadirio ya bei yake yalifika pauni milioni 1 za Uingereza. Hebu fikiria! Pesa za kujenga ghorofa nzima ya nyumba za kupangisha, zinaning'inia jikoni zikishikilia bili ya stima.

Aliyeichora ni Irma Stern, mwanamke wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka wa 1966. Wanaonunua sanaa kwenye minada mikubwa wanalijua jina lake vizuri. Huku kwetu, vijana wengi wa Nairobi au Mombasa hawajawahi kulisikia, ingawa huyu mama alivuka bahari akaja kuchora jirani zetu kabisa, watu wa kofia na kanzu, watu wanaozungumza lugha hii hii unayoisoma sasa.

Kisa cha ile picha ya jikoni kinaonyesha jinsi kazi ya mchoraji inavyoweza kupotea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Hakuna aliyeiiba. Hakuna aliyeichoma. Watu waliizoea tu, basi. Kama kazi nyingi za Stern hazikupotea namna hiyo, shukrani ziende kwa nyumba moja ya mtaa wa Rosebank, Cape Town. Nyumba hiyo nayo ina maswali yake, lakini tutafika huko.

Irma alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1894 katika mji mdogo wa Schweizer-Reneke, eneo lililokuwa likiitwa Transvaal. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Ujerumani, watu wa biashara na mifugo. Hata hajapata akili za kuelewa mambo, vita vya Waingereza na Makaburu vikazuka. Waingereza wakamzuilia babake kwa kuonekana anawaunga mkono Makaburu. Mama akawabeba watoto, Irma na ndugu yake mchanga, akaenda nao Cape Town. Baba alipoachiliwa, familia ikahamia Ujerumani. Tangu hapo maisha yakawa ya meli: Ujerumani, Afrika Kusini, Ujerumani tena. Mtu akikua hivyo, ukimuuliza kwao ni wapi, anakujibu nini? Mimi naona swali hilo ndilo lililomkimbiza maisha yake yote, kutoka bandari moja hadi nyingine, akitafuta mahali pa kupaita kwake.

Kuchora alikusomea Weimar kuanzia mwaka wa 1913, kisha Berlin. Ilikuwa enzi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, njaa iko kila kona. Mwaka wa 1916 alichora msichana mdogo aliyekonda, macho makubwa, mwenye sura ya mtoto aliyeona mengi kuliko umri wake. Picha hiyo aliipa jina The Eternal Child, yaani mtoto wa milele. Mwalimu wake hakuipenda hata kidogo. Irma naye hakukubali kuirekebisha ili kumfurahisha mtu, na wakatengana.

Bahati ikamwangukia mwaka uliofuata alipokutana na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji waliokuwa wakiitikisa Ujerumani wakati huo. Kundi lao lilichoka kuchora vitu jinsi macho yanavyoviona. Walitaka kuchora jinsi moyo unavyovihisi: uso unaweza kuwa wa kijani, anga likawa jekundu, mstari ukapinda kwa sababu hisia imepinda. Pechstein alimshika mkono msichana huyu na kumfungulia milango. Mwaka wa 1919, Irma akiwa na miaka 24, kazi zake zilionyeshwa peke yake katika jumba la sanaa la Fritz Gurlitt jijini Berlin. Si mchezo. Kuna watu huzeeka wakingojea nafasi kama hiyo.

Mwaka wa 1920 familia ilirudi Cape Town. Irma aliwasili akiwa na jina la Berlin mfukoni, akadhani mji utampokea kwa vigelegele. Wapi! Mji ulikuwa umezoea picha za milima, bahari tulivu na maua kwenye chombo cha kauri. Alipofanya maonyesho yake ya kwanza huko mwaka wa 1922, wakosoaji wa magazeti walimrarua. Waliona rangi zake ni kelele na watu wake ni wabaya wa sura. Malalamiko yakafika mbali hadi polisi wakaitwa kuchunguza iwapo picha zake zilikuwa zikivunja maadili. Ndiyo, polisi, kwa sababu ya picha ukutani.

Tukiwa wakweli, kilichowaudhi hakikuwa rangi peke yake. Stern alikuwa akiwachora Waafrika wakiwa katikati ya picha, nyuso kubwa zinazojaza fremu, wakati ambapo kwa Wazungu wengi wa mji ule Mwafrika alikuwa mtu wa kuonekana kwa mbali, akiwa amebeba mzigo. Alifunga safari hadi Swaziland, Natal na Pondoland, akiketi na watu vijijini na kuwachora. Huku nyumbani wanamcheka, Ulaya wanampigia makofi: mwaka wa 1927 alipata tuzo katika maonyesho ya kimataifa ya Bordeaux, Ufaransa. Taratibu Cape Town nayo ikalegea. Si kawaida yetu hiyo? Mtu akisifiwa nje ndipo nyumbani wanamkumbuka.

Lakini hapa lazima tumseme kidogo. Stern hakuwa anamtafuta Mwafrika kama alivyo. Alikuwa anatafuta paradiso yake, mahali ambapo dunia ya viwanda na vita haijafika. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliporudi sehemu alizowahi kuchora na kukuta watu wamevaa nguo za kizungu, alisikitika na kulalamika hadharani. Mbona? Alitaka wabaki na shanga na ngozi milele ili yeye apate picha? Wale watu walikuwa wanaishi maisha yao, wanalipa kodi za wakoloni, wanatafuta vibarua mijini. Hawakuwa pambo. Ukizitazama picha zake, kumbuka jambo hili, kwa sababu litarudi.

Ndoa yake tutaipita haraka, maana hata yeye haikumshika sana. Mwaka wa 1926 aliolewa na Johannes Prinz, aliyewahi kuwa mwalimu wake wa nyumbani, na mwaka wa 1934 wakaachana. Kilichodumu ni nyumba. Mwaka wa 1927 walihamia jumba moja la zamani Rosebank lililoitwa The Firs. Mume aliondoka, Irma akabaki, na akakaa humo karibu miaka 40, mpaka kifo. Alikuwa mwanamke mnene, mpenda chakula, mwenye hasira za karibu na mkono mwepesi wa kununua vitu. Kila safari alirudi na shehena: vinyago, vyungu, viti, vitambaa. Nyumba ikajaa kutoka mlangoni hadi studio. Samani nyingine alizipaka rangi mwenyewe, kana kwamba turubai hazikumtosha.

Ujerumani ndiko alikokuwa amejifunza kila kitu, lakini Wanazi walipotwaa madaraka mwaka wa 1933, alisema hatakanyaga huko, na hakukanyaga hadi utawala wao ulipoanguka mwaka wa 1945. Alikuwa Myahudi. Mlango huo ulipofungwa aligeuza uso upande huu wa bara. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akafika Dakar, Senegal. Kisha mwaka wa 1939, mwaka ule ule Vita vya Pili vya Dunia vilipolipuka, akashuka Zanzibar.

Yeyote aliyewahi kutembea Mji Mkongwe anaweza kukisia kilichomtokea. Vichochoro vyembamba, kivuli kizito halafu ghafla jua kali. Harufu ya karafuu. Wazee barazani, vilemba na majoho, jambia kiunoni siku ya sikukuu. Majahazi ya kaskazi bandarini. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Sultani alikuwa Khalifa bin Harub. Kwa mtu aliyekuwa anawaza rangi mchana na usiku, ilikuwa kama mtoto kuachwa peke yake katika duka la peremende.

Wachunguzi wengi wa sanaa wanakubaliana kwamba hapo ndipo Stern alipofikia kilele chake. Alichora kwa kasi, rangi nzito, unaona kabisa brashi ilipopita. Lakini nyuso zimetulia. Mzee anakutazama, au anatazama pembeni akiwaza mambo yake, na huwezi kumfanya pambo hata ukitaka. Hapo ndipo mimi hushindwa kumhukumu moja kwa moja. Mwanamke aliyelalamika kwamba Waafrika wamevaa suruali ndiye huyu anayekupa uso wa mtu mzima, mwenye heshima zake, mwenye siri zake.

Kisha kuna habari ya fremu. Picha zake nyingi za Zanzibar hazikuzungushiwa fremu za dukani. Zilizungushiwa mbao nyeusi zenye nakshi za maua na majani, mbao zilizotoka kwenye miimo ya milango ya zamani ya Zanzibar. Leo picha ya Stern iliyo na fremu yake ya asili ya Zanzibar inapiganiwa mnadani. Ni nzuri, hakuna ubishi. Lakini ukiwa mtu wa pwani unajiuliza: hiyo miimo ilikuwa ya nyumba ya nani? Mlango wa nakshi kwa Mswahili si mbao tu. Ndio unaotangaza heshima ya nyumba kabla mgeni hajapiga hodi. Mlango ukishakatwa vipande na kuzunguka uso wa mzee, nyumba iliyobaki nyuma inafungwa na nini?

Vita vikiendelea Ulaya, Stern alielekea Kongo mwaka wa 1942. Humo ndimo alimopata kitu ambacho baadaye kikawa fahari ya nyumba yake: kigoda cha mbao cha Waluba, kinachobebwa na umbo la mwanamke, kazi ya fundi mkubwa ambaye wataalamu humwita bingwa wa Buli kwa sababu jina lake halisi halijulikani. Safari hiyo ilimfikisha hadi Rwanda pia. Huko alimchora mwanamke kijana wa nyumba ya kifalme. Picha ikaingia ulimwenguni ikiitwa Watussi Queen, malkia wa Kitutsi, basi, bila jina.

Jina alikuwa nalo. Anatambuliwa kuwa Rosalie Gicanda, mke wa Mfalme Mutara III Rudahigwa. Mfalme alifariki mwaka wa 1959, ufalme ukafutwa, naye Gicanda akaendelea kuishi kimya mjini Butare akiwa mjane. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya halaiki dhidi ya Watutsi, alitolewa nyumbani kwake akauawa, akiwa mwanamke mzee. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuitazama picha ile kama rangi nzuri tu za mwanamke mwenye shingo ndefu. Unamtazama Gicanda.

Stern aliandika kitabu kuhusu Kongo, kikatoka mwaka wa 1943. Mwaka wa 1945 alirudi Zanzibar mara ya pili, na kitabu cha Zanzibar kikafuata mwaka wa 1948, vyote viwili vikiwa na michoro yake. Katika safari hiyo ya pili ndipo alipochora Arab Priest, mzee wa dini mwenye ndevu. Irma aliyechekwa mwaka wa 1922 sasa alikuwa mchoraji mkubwa kuliko wote nchini mwake. Maonyesho yake ya peke yake yalipita 100 kabla hajafariki. Miaka ya 1950 kazi zake zilipelekwa mara nne katika maonyesho ya Venice, Italia, ambayo kwa wachoraji ni kama Kombe la Dunia.

Na Afrika Kusini yenyewe? Mwaka wa 1948 serikali ya ubaguzi wa rangi iliingia madarakani. Stern hakuwa mtu wa siasa. Hakuandamana, hakupaza sauti, aliendelea kuchora. Lakini picha zina miguu yao. Desemba 1956 serikali iliwakamata watu 156, Nelson Mandela akiwa mmoja wao, ikawashtaki kwa uhaini. Kesi ilivutana hadi mwaka wa 1961, na mawakili hawali hewa. Wafadhili wakaandaa mnada wa sanaa ili kuchangisha pesa za utetezi, na picha moja iliyotolewa iuzwe ni yule mwanamume wa Zanzibar aliyevaa nyeusi. Waliomnunua baadaye walihamia Uingereza wakamchukua. Ndivyo alivyofika jikoni London. Mzee wa Mji Mkongwe, asiyejulikana jina, alisaidia kumlipia Mandela wakili, kisha akaishia kushikilia bili.

Irma Stern alifariki tarehe 23 Agosti 1966 akiwa na miaka 71. Hakuwa na mtoto. Hapa ndipo mambo huharibikia kwa wasanii wengi, tena wa kike hasa. Jamaa wanagawana, vingine vinauzwa kwa haraka, vingine vinaoza stoo, na baada ya miaka 20 hakuna anayekumbuka ni nani aliyechora nini. Yeye alikuwa amepanga mapema. Mali yake, pamoja na nyumba, vitu na picha, iliwekwa chini ya wakfu wenye jina lake. Wakfu ukashirikiana na Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka wa 1971 The Firs ikafunguliwa kama makavazi.

Umuhimu wa uamuzi huo hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana ukiangalia yanayozipata picha zilizo nje. Machi 2011, Arab Priest iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3, ikanunuliwa kwa ajili ya makavazi ya Qatar. Bei nzuri, lakini mtoto wa shule wa Cape Town, au wa Zanzibar, atapata wapi nauli ya Doha? Mwaka uliofuata, Novemba 2012, majambazi waliingia jumba la sanaa la Pretoria wakijifanya wanafunzi wa sanaa na mwalimu wao. Walilipa kiingilio kama watu wengine. Wakauliza picha wanazozitaka ziko wapi, kisha wakatoa bunduki. Waliondoka na picha kadhaa za wachoraji wakubwa, na ya Stern ya mashua za uvuvi ikiwemo. Baadhi ya picha hizo zilikuja kupatikana makaburini Port Elizabeth.

The Firs ilifanya kazi tofauti na ya mnada. Mnada hutaka picha nzuri kuliko zote, ikiwezekana ya Zanzibar, ikiwezekana na fremu yake. Nyumba ilitunza hata zile ambazo hakuna angezipigania: michoro ya penseli, picha za ujana, majaribio yaliyoshindikana, vyungu alivyofinyanga, vitabu vyake. Ilitunza studio, brashi na vibao vyake vya rangi vikiwa vimekaa kama vile mwenyewe ametoka kidogo kwenda kupokea mgeni. Iliweka kigoda cha Waluba karibu na picha za Kongo, vitu vya Zanzibar karibu na wazee wa Zanzibar. Mtu akiingia humo aliona mwanamke mmoja alikuwa akiwaza nini, wapi alikosea, wapi alirudia mara tatu ndipo akapatia.

Halafu kuna kazi isiyopigiwa makofi. Rangi ya mafuta hupasuka. Unyevu wa majira ya baridi ya Cape Town huingia kwenye turubai. Karatasi hugeuka manjano na wadudu hawana heshima kwa msanii. Lazima kuwe na mtu wa kuandika kila kitu daftarini: kipande gani, cha mwaka gani, kimetoka wapi. Na kadiri bei zinavyopanda ndivyo matapeli wanavyozaliwa, kwa hiyo mtu akileta picha akidai ni ya Stern, lazima pawe na kazi za uhakika za kulinganisha nayo.

Neville Dubow, aliyeiongoza nyumba hiyo tangu mwanzo, alikwenda hatua nyingine. Stern alikuwa na daftari lake la ujana alilolichanganya maandishi na michoro, pamoja na barua nyingi alizomwandikia rafiki yake wa Ujerumani. Dubow alivikusanya vikachapishwa kitabu kiitwacho Paradise mwaka wa 1991. Kabla ya hapo, watu walikuwa na picha za Irma na uvumi kumhusu. Baada yake wakapata msichana mwenyewe, mwenye wivu, ndoto kubwa na upweke mwingi. Mengi tunayomlaumu nayo leo, yale ya paradiso na ya Waafrika wa kufikirika, tunayajua kwa sababu karatasi zake zilihifadhiwa. Nyumba ingetaka kumfanya malaika, ingezificha. Hilo naliheshimu.

Tena haikuwa nyumba ya marehemu tu. Kwa miaka mingi sehemu yake iliachiwa wachoraji walio hai kuonyesha kazi zao, wengi wao vijana ambao majumba makubwa yalikuwa hayajawafungulia. Mwanamke aliyeitiwa polisi katika maonyesho yake ya kwanza mjini humo akawa anawapangisha ukuta, akiwa kaburini.

Sasa turudi kwa yale maswali. Zaidi ya miaka 50 tangu nyumba ifunguliwe, jina la Irma Stern liko salama. Lakini soma vichwa vya picha zake: Mwarabu aliyevaa nyeusi. Mwarabu mwenye jambia. Mzee wa dini. Mwanamke wa Zanzibar. Picha baada ya picha, hakuna jina. Na hawa si watu wa zama za Nuhu. Mtu aliyekuwa kijana Zanzibar mwaka wa 1945 ana wajukuu leo, wengine Unguja, wengine Mombasa, wengine Muscat au Dubai. Huenda kuna mtu anapanda matatu kila asubuhi akiwa na pua ya babu aliyeuzwa mnadani kwa mamilioni ya pauni, na hana habari.

Kazi hiyo makavazi ya Cape Town hayawezi kuimaliza peke yake, kwa sababu wanaojua nyuso hizo hawako Cape Town. Gicanda alipata jina lake kwa sababu wapo waliomjua. Picha za Stern zimetapakaa kwenye intaneti, ukiandika tu jina lake na neno Zanzibar unazipata. Siku moja ukiwa nyumbani kwa bibi yako wa pwani, ukishamaliza kumwonyesha picha za harusi kwenye simu, mwonyeshe na hizi. Mwache azitazame polepole.

Na katika nyumba ile ya Rosebank, kati ya vitu vyote alivyobeba Irma kutoka huku kwetu, kulikuwa na mlango. Huo hakuukata kuwa fremu. Aliusafirisha mzima kutoka Zanzibar, nakshi zake zote, akautia nyumbani kwake. Miaka yote hiyo wageni waliokuja kumwona mchoraji wa Cape Town wameipita kwanza kazi ya seremala wa Kizanzibari ambaye naye hakutajwa jina.